Mgeni Akija Kulala Kijijini



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Je, mwenyeji anapona kila mara? Katika somo la leo tutazungumza juu ya wageni wanaokuja kulala katika vijiji vya milima ya Upare. Tutaona wanafuata nini, na sisi wenyeji tujipange vipi ili wageni walete faida, wasilete ugomvi.

WAGENI HAO NI NANI?

Mji wa Same uko chini, kwenye joto na vumbi. Ukipanda gari kwenda Mbaga, unapita kona nyingi, na kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyokupokea. Huko juu kuna migomba, mahindi, maharage na nyumba zilizoshikilia mlima.

Katika miaka ya 1990, Bodi ya Utalii Tanzania ilisaidiana na shirika la SNV la Uholanzi kuanzisha utalii wa utamaduni. Mbaga katika wilaya ya Same, na Usangi katika wilaya ya Mwanga, ni baadhi ya sehemu zilizoingia katika mpango huo. Mgeni wa namna hii hatafuti hoteli kubwa. Analala kijijini, anakula chakula cha pale, na anatembezwa na mtu wa pale.

Wengine wanatoka Ulaya na Marekani. Wengine ni Watanzania wenzetu: wanafunzi, wafanyakazi wa mjini, hata wajukuu wetu waliozaliwa Dar es Salaam ambao hawajawahi kushika jembe.

WANAFUATA NINI?

Mtu atauliza, "Lakini sisi tuna nini hapa? Simba hatuna, bahari hatuna." Simba wako kule chini Mkomazi, ambako pamekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2008. Hapa juu tuna vitu vyetu.

Tuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400. Katika misitu hii yuko ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Ndege huyo hapatikani popote duniani ila Upare Kusini. Watu wanavuka bahari kuja kumtazama!

Tuna historia. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru iliyowekwa wakati wa ukoloni. Mzee anayejua habari hiyo ni hazina kwa mgeni.

Tena tuna ndiva. Sisi tunaipita kila siku bila kuitazama. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Usiku maji ya kijito yanajaa humo. Asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mfereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Wazee waliijenga bila mashine, nasi tunaisafisha kwa msaragambo. Mgeni anayetoka mahali ambapo maji yanatoka bombani tu atasimama hapo saa nzima akiuliza maswali.

Kwa hiyo tusibadilishe kijiji ili kumpendeza mgeni. Mpikie makande. Mkate anao kwao. Na ule usemi wa "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", huyu mpe hata siku ya kwanza, maana amekuja kujifunza kulima.

UGOMVI UNATOKA WAPI?

Tuseme wageni wawili wamelala kwa mama mmoja usiku mara tatu. Wamelipa, wameondoka. Jirani anasema, "Yule mama amekula peke yake. Mbona wageni wamepiga picha ndiva yetu sote?" Kijana aliyewatembeza anasema, "Mimi nimepewa soda tu." Mama naye anasema, "Nimenunua kuni, mchele na mafuta, nimebakiwa na nini?"

Nani ana haki? Wote wana haki kidogo. Kosa ni kwamba hawakupatana kabla, wala hakuna kilichoandikwa. Wahenga hawakukosea waliposema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

TUPATANE, TUANDIKE

Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana sauti. Mpange bei na mgawo. Hapa chini ni mfano wa kujifunzia hesabu tu. Bei yenu mtapanga wenyewe.

Mgeni mmoja, usiku mmoja: shilingi 30,000.
Mwenye nyumba: 20,000.
Mwongozaji: 4,000.
Mfuko wa kijiji: 6,000.

Wageni 2 wakilala usiku mara 3, tunazidisha: 2 mara 3 ni 6. Basi jumla ni shilingi 180,000. Mwenye nyumba anapata 120,000, mwongozaji 24,000, na mfuko wa kijiji 36,000. Fedha za mfuko zinaweza kununua saruji ya kuziba ufa wa ndiva. Hapo hata jirani ambaye hakulaza mgeni ataona faida shambani kwake.

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, kazi hii ni yako. Fungua daftari. Andika tarehe, jina la mgeni, siku alizolala na fedha alizolipa. Mpe stakabadhi. Mjulishe ofisa mtendaji wa kijiji kwamba una mgeni. Kisha hesabu isomwe mkutanoni, kila mtu asikie.

NYUMBANI

Mgeni hahitaji godoro la bei kubwa. Anahitaji shuka safi, chandarua kisicho na matundu, choo safi chenye mlango, maji ya kunawa na sabuni. Maji ya kunywa yachemshwe.

Wakati wa kiangazi mwambie ukweli bila aibu: "Mgeni wetu, maji ni ya zamu. Ndoo hii moja ni ya kuoga." Mtu mwungwana ataelewa.

MIPAKA

Kumkaribisha mgeni si kumpa kila kitu. Asipige picha ya mtu kabla ya kuomba ruhusa, na kwa mtoto amwombe mzazi. Asiingie katika misitu ya matambiko bila wazee kukubali. Asigawe peremende na fedha kwa watoto njiani, maana tutalea ombaomba. Akitaka kusaidia, aelekezwe kwenye mfuko wa kijiji. Mambo haya aambiwe siku ya kwanza, kwa upole.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu kuna kitu gani ambacho mgeni angependa kukiona?
2. Wageni 3 wakilala usiku mara 2 kwa bei ya mfano wetu, mfuko wa kijiji utapata shilingi ngapi?
3. Ni mahali gani kwenu mgeni asiende bila ruhusa? Nani wa kutoa ruhusa hiyo?
4. Andika kanuni tano za wageni. Zisome katika kikundi chenu, mzirekebishe, kisha mzipeleke kwenye mkutano wa kijiji.