SOMO: ULIZA UNGA, USIULIZE MUKATE
(Kula nje pamoja na mutoto asiyeweza ngano)



Siku ya wazazi inakaribia. Familia nyingi zitapitia mu resto ao kwa bamama wa malewa, na watoto wadogo watakuwa pamoja nao. Kwa hiyo mimi kapita wenu naomba nafasi ya kutoa somo moja ambalo nililipata kwa kosa langu mwenyewe.

Kosa langu

Mudogo wangu ana miaka mitano. Zamani tumbo lake lilikuwa limevimba, miguu myembamba, kuharisha kila mara. Tulimupa dawa ya minyoo mara tatu. Majirani walisema mama hamulishi vizuri, na wengine walisema maneno mabaya zaidi. Mwishoni daktari mumoja alipima damu yake, halafu akaangalia kipande kidogo cha utumbo. Akasema: mutoto huyu hawezi ngano. Tukaacha mukate mu nyumba. Kisha majuma machache mutoto akaanza kucheza mupira.

Halafu siku moja nilitembea naye mu mji. Tukaingia mu resto. Ku meza ya karibu walikuwa wanafunzi wawili wa klasi yetu. Nikasikia haya kuuliza sana mbele yao. Nikamwita mwenye kuleta chakula, nikasema kwa sauti ya chini: «Mama, mu hii kuku iko mukate?» Akajibu: «Hapana, mutoto yangu, haiko.» Basi, tukakula. Usiku mutoto akatapika mpaka asubuhi, na kuharisha kukarudi kwa siku nyingi.

Nilirudi pale na hasira. Mupishi mwenyewe akatoka, akanisikiliza, akasema: «Pole sana. Lakini muliuliza mukate, tukajibu mukate. Mungeuliza farini, tungewaambia kweli. Ile sosi tunatiaka farini juu ikuwe nzito.»

Sikuwa na jibu. Mama yule hakusema uongo. Mimi ndiye niliuliza vibaya, na niliuliza vibaya sababu ya haya.

Gluteni ni nini?

Mu ngano kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa mukate uvutike kama mpira wakati wa kuukanda. Iko pia mu shayiri na mu nafaka ya Ulaya inayoitwa rai. Kwa watu wengi haina ubaya. Lakini kuna ugonjwa unaoitwa seliaki. Mwenye ugonjwa huu akikula gluteni, mwili wake unapigana na utumbo wake mwenyewe. Vinyweleo vidogo sana vya ndani, vyenye kazi ya kunyonya chakula, vinakufa. Mutoto anakula, lakini chakula hakimusaidii. Anakosa damu, hakui, tumbo linavimba.

Ugonjwa huu hauambukizi. Unapita mu ukoo. Mu dunia, karibu mutu 1 kati ya 100 anao, na wengi hawajui. Dawa ya kuumeza haiko. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote.

Musisahau jambo hili: mukiona mutoto ana alama hizi, musikimbilie kumukataza mukate kwa akili yenu. Mumupeleke kwanza kwa munganga. Akiacha ngano mbele ya kupimwa, damu inaweza kuonekana safi, na ugonjwa ukafichwa.

Namna ilivyojulikana

Mu mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika alama za ugonjwa huu, na aliona ya kuwa kama mutoto atapona, atapona kwa chakula. Lakini chakula gani? Mu mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alilisha wagonjwa ndizi nyingi, wakapata nguvu. Watu wakasema ndizi ni dawa. Kumbe dawa haikuwa ndizi; ilikuwa mukate ule ambao hawakupewa.

Daktari Willem Karel Dicke wa Uholanzi alikuwa ameshaanza kushuku ngano. Mu baridi ya 1944 mpaka 1945, wakati wa vita, Uholanzi ulipata njaa kubwa na mukate ulikosekana. Watu walikufa kwa njaa, lakini watoto wa seliaki wakaonekana vizuri kuliko mbele. Mukate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mu 1950 Dicke aliandika kitabu chake cha masomo ya udaktari juu ya jambo hilo.

Musifikiri ni ugonjwa wa wazungu tu. Mu 1999 madaktari wa Italia walitangaza matokeo ya kupima watoto wa Sahara ya Magharibi, wanaoishi mu kambi za wakimbizi ku Algeria. Zaidi ya watoto 5 kati ya 100 walikuwa nao. Hao ni Waafrika kama sisi.

Chakula cha kwetu

Hapa nafurahi kuwaambia habari njema. Bukari ya mahindi haina gluteni. Bukari ya muhogo pia. Muchele, mutama, ulezi, viazi, maharagi, karanga, ndizi, sombe, matembele, mayai, nyama, samaki wa Tshangalele: vyote ni salama kwa asili yao. Mu Ulaya wazazi wanatafuta unga wa bei kali mu duka. Hapa Likasi, kutoka Kikula mpaka Panda, chakula salama kinapikwa kila siku.

Basi hatari iko wapi? Iko mu vitu vinavyoongezwa, na mu vyombo:

1. Farini ya kufanya sosi nzito, ao ya kupakaa samaki mbele ya kukaranga.
2. Kube ya supu na sosi nyeusi ya chupa. Nyingine zina ngano. Musome karatasi yake.
3. Soseji, na nyama iliyosagwa ikachanganywa na mukate.
4. Mafuta. Viazi ni viazi, lakini vikikarangwa mu mafuta yale yale ya mandazi ao sambusa, si salama tena.
5. Kijiko kikubwa kilichotoka mu makaroni kikaingia mu maharagi. Na ku soko, kopo moja linalopima farini, halafu mahindi.

Mutu atasema: «Kidogo tu, haina neno.» Tufanye hesabu. Kipande kimoja cha mukate kina gluteni ya gramu 2 hivi. Madaktari wameona ya kuwa miligramu 50 kila siku zinatosha kuharibu utumbo wa mwenye seliaki. Ukigawanya kipande kile mara 40, sehemu moja ni miligramu 50. Ni kibonge kidogo kwenye ncha ya kidole! Na sheria ya chakula ya mataifa, Codex Alimentarius, inasema ya kuwa chakula kinachoandikwa «bila gluteni» kisipite miligramu 20 kwa kilo moja.

Namna ya kuuliza

Kwanza, ingieni mapema, mbele ya watu kuwa wengi. Mupishi mwenye haraka hajibu vizuri.

Pili, muulize mwenye kupika. Mwenye kuleta sahani hajui kilichoingia mu nyungu.

Tatu, mutaje kitu chenyewe. Usiseme «gluteni», maana wengi hawajalisikia neno hilo. Usiseme «mukate», kama mimi. Sema hivi: «Mama, samahani. Huyu mutoto, farini inamuletea magonjwa ya tumbo. Mu hii samaki mulitia farini, ao kube, ao sosi ya chupa? Na mafuta, mulikalanga mandazi ndani?»

Ine, kama hana hakika, musimulazimishe aseme ndiyo. Ombeni kitu chepesi: bukari, mayai ya kupika mu maji, michopo ya mbuzi yenye chumvi tu, mboga isiyo na kube. Mupishi akiosha kikaango na kupika upya, mumushukuru, na mungoje bila kunung'unika.

Tano, chukueni kitu kutoka nyumbani: viazi vitamu, karanga, ndizi. Mutoto mwenye njaa hangoji maulizo yaishe.

Na mutoto mwenyewe?

Mutoto wa miaka mitano haelewi utumbo. Anaelewa kwamba wengine wanakula mandazi na yeye hapana. Hapo ndipo maumivu yake yako. Kama inawezekana, meza yote iagize chakula kile anachoweza. Musimuwekee sahani yake pembeni kama mwenye kosa. Mumufundishe maneno machache: «Aksanti mama, lakini farini inanigonjwesha.» Sasa mudogo wangu anayasema kwa sauti kubwa kuliko mimi.

Ninyi wengine, mukiona mutoto anakataa biskwiti yenu, musikasirike na musimubembeleze. Kwetu kukataa chakula ni kama matusi, najua. Lakini mutoto yule hakatai upendo wenu. Anakataa ugonjwa.

Maswali ya kujiuliza

1. Ningekuwa mupishi, ningejibu namna gani mutu akiniuliza?
2. Ni mara ngapi nimenyamaza kwa haya, na mwingine akaumia?
3. Ku siku ya wazazi, nani atachunga kijiko na mafuta? (Klasi ya sita, kazi hiyo ni yetu. Tutatenga nyungu moja na kijiko kimoja visivyogusa farini hata kidogo.)

Wazee wanasema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: kunyamaza siku ile ndiko kulikuwa ujinga, na aliyelipa deni ni mudogo wangu.

Kapita wa wanafunzi, klasi ya sita