Uvundo wa AC ya Gari na Maji Yanayouleta

Magari mengi yanayopita barabara ya Likoni kwenda Lungalunga, huku pwani ya kusini ya Kenya, yana kiyoyozi, ambacho wengi tunakiita AC, na si machache kati yake yana uvundo. Harufu huja mara tu feni inapowashwa, hudumu dakika chache, kisha huonekana kama imepotea. Mwenye gari hununua manukato ya kuning'iniza mbele ya kioo, au humwendea fundi akaambiwa gesi imepungua. Manukato hufunika tu, na gesi haina hatia. Ili kukipata chanzo chenyewe, inafaa kuanza na hewa.

Hewa hubeba maji ambayo jicho haliyaoni, yaitwayo mvuke. Kadiri hewa inavyokuwa na joto, ndivyo inavyoweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi huweza kubeba gramu 30 hivi za maji, lakini ikipozwa hadi nyuzi 5 haiwezi kubeba hata gramu 7. Unyevuanga ni kipimo cha jinsi hewa ilivyokaribia kujaa: ukiwa asilimia 80 katika nyuzi 30, hewa imebeba gramu 24 kati ya zile 30. Hewa hiyo ikianza kupozwa, itafika mahali ambapo gramu hizo 24 zinaijaza kabisa. Mahali hapo panaitwa kiwango cha umande, na kwa mfano wetu ni karibu nyuzi 26. Chini ya hapo mvuke hauna budi kugeuka maji. Chupa ya maji iliyotoka kwenye friji na kuwekwa mezani Diani hulowa kwa nje kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tuingie nyuma ya dashibodi. Humo mna kifaa kinachofanana na rejeta ndogo, chenye mabomba membamba na mabati mengi ya alumini yaliyosongamana. Tukiite koili ya baridi. Ndani ya mabomba yake hupita kiowevu ambacho mafundi hukiita gesi. Kinachotumika katika magari mengi yaliyopo barabarani ni R-134a, ambacho katika kanieneo ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kila kiowevu kinapochemka hufyonza joto kutoka kwa kilicho karibu nacho, kwa hiyo koili hupoa. Mtambo huidhibiti isigande, ikabaki nyuzi chache juu ya sifuri. Feni husukuma hewa kupitia kwenye mabati hayo, nayo hutoka ikiwa baridi.

Lakini koili yenye nyuzi 5 iko chini sana ya kiwango cha umande cha nyuzi 26. Kila mita ya ujazo ya hewa ya Ukunda yenye hali ile ya mfano wetu, inayopozwa hadi hapo, huacha gramu 17 za maji juu ya alumini. Mita za ujazo 100 zikipita, ni karibu lita moja na robo tatu. Tufanye hesabu hiyo hiyo kwa hewa ya nyuzi 24 yenye unyevuanga wa asilimia 50, kama ya mchana mzuri Nairobi: maji hayafiki hata nusu lita. Kiyoyozi cha pwani hufanya kazi ya kukausha hewa kwa uzito uleule wa kazi ya kuipoza. Wala hili si jambo la pembeni, kwani mtambo ambao Willis Carrier alibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ulikusudiwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi. Starehe ya watu ilifuata baadaye.

Maji hayo hudondokea kwenye trei na kutoka chini ya gari kwa kipande cha mpira. Yanayobaki yamenasa kati ya mabati ndiyo yenye shida. Pamoja nayo hunasa vumbi la barabara za udongo, chavua ya maua na chembe za ngozi ya abiria. Ukungu na bakteria havihitaji zaidi ya hapo: maji, chakula, giza na joto la wastani. Injini ikizimwa, koili hurudi kwenye joto la hewa, na usiku kucha vijidudu hivyo hula na kutoa gesi zenye harufu. Gesi hizo hukusanyika ndani ya kasha lililofungwa, na asubuhi feni huzisukuma zote kwa pamoja usoni mwa dereva. Baada ya dakika chache zimepungua, na pua nayo imezoea.

Pwani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya magari hulitaja kwa nadra, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe zake hadi ndani ya koili. Chumvi ya kawaida, unyevuanga unapozidi takriban asilimia 75, huvuta mvuke kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Kwa hiyo koili yenye chumvi haikauki usiku wa Msambweni, hata kama haikuongezewa tone la maji.

Hapa ndipo ushauri wa kawaida unapohitaji kurekebishwa. Husemwa: zima AC dakika mbili kabla ya kufika, uache feni iendelee. Kanuni ni sahihi, ila muda hautoshi huku kwetu. Koili ikiwa bado chini ya nyuzi 26, hewa ya nje inayopulizwa juu yake haiikaushi, inaongeza umande. Ni lazima kwanza ipashwe moto na hewa hiyo, ndipo maji yaanze kuondoka. Anayetoka Likoni kwenda Ukunda anaweza kuizima akifika Tiwi, akaweka feni kwa kasi na kufungulia hewa ya nje. Mchana, jua linapokuwa limepunguza unyevuanga, njia hii hufaa sana. Usiku hewa ya nje imekaribia kujaa. Afadhali kuweka joto la hita na mzunguko wa ndani, vioo viwe wazi kidogo ili mvuke upate pa kutokea. Njiani, wakati AC inafanya kazi, mzunguko wa ndani hupunguza maji kwa sababu hewa iliyokwisha kukaushwa ndiyo inayorudi kwenye koili. Ila hewa ya nje iruhusiwe mara kwa mara kwa ajili ya kupumua.

Uvundo uliokwisha kukomaa hauondoki kwa kukausha peke yake. Kichujio cha hewa ya ndani, ambacho mara nyingi huwa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, kibadilishwe. Katika baadhi ya magari yaliyoagizwa kutoka Japani nafasi ipo lakini kichujio hakimo, na vumbi limekuwa likipita moja kwa moja. Majani ya mivinje yanayojazana chini ya kioo cha mbele yaondolewe, maana hapo ndipo hewa inapoingilia. Kisha koili isafishwe kwa povu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, injini ikiwa imezimwa. Dawa ya klorini ya kufulia nguo isitumike kamwe: hula alumini, na mvuke wake hudhuru mapafu, hasa ya mwenye pumu.

Angalia pia chini ya gari AC ikiwa imewashwa. Katika hali ya hewa ya Kwale, maji yanapaswa kudondoka baada ya dakika chache. Yasipodondoka na zulia la upande wa abiria likawa limelowa, mpira wa kutolea maji umeziba, na hakuna povu litakalosaidia kabla haujazibuliwa. Na ikiwa harufu ni tamu kidogo huku kioo cha mbele kikiingia ukungu wenye mafuta, huo si uvundo. Ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita, na gari linahitaji fundi siku hiyo hiyo.