Kujifunza Ujasiriamali wa Kijamii kwa Njia ya Miradi ya Kijijini

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi akiulizwa mradi ni nini, hujibu upesi: bustani, kuku, duka la shule. Jibu hilo hutaja vitu tu. Katika somo hili twataka tuutazame mradi kama njia ya kujifunza jinsi watu wapatavyo riziki na jinsi waipotezavyo. Mfano wetu tutautoa mbali kidogo, katika kijiji cha Jobra, nchini Bangladesh.

Jobra ni jirani na Chuo Kikuu cha Chittagong. Mwaka 1974 njaa kali iliikumba nchi hiyo, naye Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi chuoni hapo, aliona kuwa nadharia alizozieleza darasani hazikuwafaa kitu waliokuwa wakifa nje. Akaanza kwenda kijijini pamoja na wanafunzi wake, kwanza kwa kuuliza maswali.

Kulikuwako kisima kirefu cha mashine ambacho wakati wa kiangazi hakikutumika. Yunus akapatanisha pande tatu: wenye mashamba watoe ardhi, wakulima watoe nguvu zao, naye atoe mbegu, mbolea na mafuta ya mashine, mavuno yagawanywe mafungu matatu. Mpunga ulistawi. Hata hivyo wakulima hawakumlipa fungu lake kamili, akapata hasara ya taka 13,000. Tunaomba msomaji asiipite habari hii haraka haraka. Hasara ilimwangukia mwalimu aliyebuni jambo, haikuwaangukia wanakijiji. Tena mradi huo uliofanikiwa shambani ulimwonyesha kwamba wanawake maskini waliopura mpunga ndio waliopata kidogo kuliko wote.

Baadaye alikutana na mama mmoja aliyetengeneza vigoda vya mianzi. Kwa kukosa fedha, mama huyo alikopa taka 5 za kununulia mianzi kwa mchuuzi, kwa sharti la kumwuzia vigoda kwa bei aitakayo mchuuzi. Faida yake ilikuwa nusu taka kwa siku. Mwanafunzi mmoja akatumwa kuwaorodhesha wote waliofungwa na mikopo ya namna hiyo. Walipatikana watu 42, na deni lao lote lilikuwa taka 856, yaani kama dola 27 za Marekani. Yunus alizitoa mfukoni mwake, mwaka 1976. Benki ya Grameen, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1983, ina asili yake hapo. Lakini kwetu sisi walimu kilicho kikubwa zaidi ni ile orodha, kwani ilihitaji daftari, kalamu na miguu ya mwanafunzi.

Hapa Tanzania, Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, nayo iliagiza wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Twakiri kwamba katika shule nyingi wanafunzi walishika majembe, na daftari la hesabu likabaki ofisini. Mtoto wa namna hiyo alijifunza kulima, jambo ambalo aghalabu alikwisha kulijua nyumbani.

Kwa hiyo, mwanachuo aendaye mazoezini asianze na banda la kuku. Na aanze na mama muuza vitumbua aliye karibu na shule, kwa idhini yake na kwa heshima. Wanafunzi wa darasa la nne wanaweza kabisa kumwuliza bei ya mchele, sukari, mafuta na kuni, kisha wakatoa na kugawanya. Wamwulize pia ni nani ampangaye bei, na alipokosa mtaji alikopa kwa nani. Hesabu za mtu zisisomwe mbele ya kijiji kizima.

Zoezi: Kundi lenu limependekeza mradi wa mboga pamoja na kina mama 10 wa kijiji, kila mmoja akichanga fedha kidogo. Mvua zikikosekana, andikeni ni nani atakayebeba hasara, kwa kiasi gani, na kama kina mama hao wameelezwa hivyo kabla ya kutoa michango yao.