Chapati Isiyo Duara: Maswali Kuhusu Tiba ya Kutaka Ukamilifu

Kwani kupenda kazi safi nako ni ugonjwa?

Hapana. Fundi anayefumua mshono uliopinda anafanya kazi yake. Shida huanza pale mshono unapogeuka kuwa hukumu juu ya fundi mwenyewe: ukipinda, basi mimi si kitu. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Roz Shafran, Zafra Cooper na Christopher Fairburn, waliliweka tatizo hivyo: mtu hupima thamani yake kwa viwango vigumu alivyojiwekea, na huendelea kuvifukuza hata vinapomuumiza.

Ajabu ni kwamba mara nyingi mtu wa namna hii huonekana mzembe. Tasnifu haikabidhiwi, maombi ya kazi hayatumwi, wageni hawaalikwi mpaka sebule ipakwe rangi. Hali hii haihesabiwi kuwa ugonjwa peke yake, lakini huandamana na sonona, wasiwasi, matatizo ya ulaji, na ule ugonjwa wa kurudiarudia mambo, kama kukagua kufuli mara kumi kabla ya kulala.

Tiba inayotumika hapa ni ya kukabili hofu. Ni nini hiyo?

Ni kukisogelea unachokikimbia, makusudi na hatua kwa hatua, kisha ukakaa nacho. Mwaka 1924 Mary Cover Jones wa Marekani alichapisha habari za mtoto Peter aliyeogopa sungura. Alipewa chakula anachokipenda huku sungura akisogezwa kidogo kidogo, hadi akaweza kumshika. Mwaka 1966 Victor Meyer, akiwa London, aliongeza jambo kubwa: mgonjwa aliyekuwa akinawa bila kikomo aligusishwa vitu alivyoviona vichafu, kisha akazuiwa kunawa.

Kwa mtaka ukamilifu, sungura ni kosa dogo. Kunawa kwake ni kurekebisha, kuomba radhi na kujieleza.

Mazoezi yenyewe yakoje?

Unaorodhesha unayoyaogopa na kuyapa alama, 0 hadi 100, kisha unaanza na mepesi. Kwa mfano, tuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ujumbe wenye herufi moja iliyokosewa. Usiufute. Usitume neno sahihi chini yake lenye kinyota. Ukizoea, acha vyombo vya chakula cha usiku kwenye karai hadi asubuhi. Uliza swali kikaoni bila kuliandika kwanza. Ripoti ya kawaida isome mara moja, siyo mara saba, uikabidhi. Kileleni, pengine, kuna kuwaandalia wakwe chapati zenye pembe.

Kabla ya kila zoezi andika unachotabiri, tena kwa maneno yanayoweza kuhakikiwa. "Nitaaibika" haitoshi, andika "shangazi atanisahihisha mbele ya watu, na wawili watacheka." Baadaye rudi ulinganishe. Mtafiti Michelle Craske na wenzake wanasisitiza kwamba moyo si lazima utulie palepale. Kinachofundisha ni kukuta mambo yamekwenda tofauti na ulivyotabiri.

Nimejaribu, mbona hofu iko palepale?

Tazama ulichofanya baada ya kosa. Hapa ndipo wengi wetu tunapoponyoka. "Mtatuwia radhi, chakula chenyewe ndicho hiki," husema mwenyeji, na huku mkeka umejaa sahani. Kama adabu, haina neno. Lakini ukiweka chapati zenye pembe kisha ukaeleza kwamba unga ulikuwa mbaya, gesi ilikuwa inaisha, na isitoshe ni mtaalamu aliyekuagiza, umeshanawa mikono. Hofu itakunong'oneza: umesalimika kwa sababu ulijitetea. Kwa hiyo zoezi hasa ni kunyamaza, na nathubutu kusema kunyamaza kunauma kuliko kosa lenyewe.

Muuguzi au mhasibu naye akosee?

Hasha. Vipimo vya dawa, fedha za watu na breki za gari si vitu vya kufanyia mazoezi. Anachoweza kuacha muuguzi ni ile safari ya tano ya kuhakikisha alichokwisha kuhakikisha kama utaratibu unavyotaka.

Naweza kuanza peke yangu?

Kwa mazoezi mepesi, ndiyo. Kama usingizi umekukimbia, chakula hakipiti au kazi imesimama, muone mwanasaikolojia au daktari. Hospitali za Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma na Mathari jijini Nairobi zina wataalamu wa afya ya akili. Ukijiwa na mawazo ya kujiua, usingoje miadi: mwambie mtu sasa hivi, akusindikize hospitali iliyo karibu.

Na wakinicheka kweli?

Inawezekana, na hata hivyo zoezi halijaharibika. Mwanasaikolojia Albert Ellis wa Marekani alisimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 19 aliogopa sana kuzungumza na wanawake. Akajilazimisha kwenda kwenye bustani ya mimea ya Bronx, New York, kuwasemesha mmoja mmoja, wapata mia moja. Aliambulia miadi moja, na dada mwenyewe hakutokea. Kwa maelezo yake, hofu ilimwisha huko huko kwenye kukataliwa. Basi akitokea mgeni wa kusema chapati yako inafanana na ramani ya Afrika, mwongeze nyingine.