Kabla ya Kupaka Rangi Mashua ya Mbao

Rangi ya mashua ikianza kubanduka mapema, usikimbilie kulaumu kopo. Mara nyingi chini yake palibaki chumvi, mafuta au unyevu.

Kupandisha. Ivute mashua pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa. Siku zinazofuata maji huelekea kuwa mafu, nayo itakaa pakavu kwa takriban wiki mbili, hadi bamvua lijalo. Kwangua magamba na mwani siku hiyohiyo, kabla havijakauka na kushika.

Chumvi. Osha ubavu wote kwa maji baridi ya kisima au bomba, ukisugua kwa brashi ngumu. Chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewani, na rangi huvimba malengelenge.

Mafuta. Rangi haishiki juu ya sifa (mafuta ya samaki) wala deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa). Kwangua, kisha futa kwa kitambaa chenye thina, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka. Thina ikikauka, nyunyizia maji: yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, yakitandaa, endelea. Mbao zilizokunywa sifa kwa miaka mingi ni vigumu kuzisafisha. Chombo cha namna hiyo ni afadhali kiendelee na sifa yake.

Mbao na kalafati. Choma kwa ncha ya kisu karibu na mkuku na kwenye maungio. Panapozama kirahisi pameoza. Rangi haiponyi ubao, ubadilishe. Kalafati iliyolegea itolewe na kutiwa mpya, ndipo puti ifuate.

Msasa. Anza na namba 80, malizia na 120, ukifuata nyuzi za ubao. Rangi ya zamani huenda ina risasi, sumu inayodhuru hasa ubongo wa watoto. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, waweke watoto mbali, na tandika turubai ili vumbi lisiishie baharini.

Unyevu. Kausha kivulini, kwa maana jua kali hupasua mbao na kufungua maungio. Gundisha kipande cha nailoni ubaoni usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande upande wa ndani, subiri.

Ubao ukiwa mkavu, futa vumbi na upake praima siku hiyohiyo, umande wa asubuhi ukishakauka. Vichwa vya mbao vipake mara mbili, kwani ndivyo vinavyokunywa maji zaidi.