Mtoto Anapoandikiwa Picha

Daktari akishaandika eksirei au ultrasaundi kwenye karatasi ya mtoto, wazazi wengi huuliza mambo mawili tu: ni shilingi ngapi, na chumba kiko wapi. Yapo maswali mawili yenye thamani zaidi, nayo yaulizwe kabla hujainuka kwenye kiti. La kwanza: "Daktari, unatafuta nini kwenye picha hii?" La pili: "Ukikiona au usipokiona, matibabu ya mwanangu yatabadilika vipi?" Daktari makini hakasirishwi na maswali hayo. Kama jibu la pili ni kwamba hakuna kitakachobadilika, mna haki ya kuzungumza upya kama picha inahitajika.

Anayesoma picha mara nyingi hajamwona mtoto kabisa. Anachokijua ni maneno machache yaliyoandikwa kwenye fomu. Fomu inayosema "maumivu ya mkono" haimsaidii. Inayosema "ameanguka jana kutoka juu ya mwembe, akatua kwa kiganja, kiwiko kimevimba, hataki kukikunja" inampeleka moja kwa moja mahali pa kutazama. Maneno hayo hutoka kwako. Kwa hiyo aliyekuwapo tukio lilipotokea ndiye aje hospitali, au apatikane kwa simu, hata kama ni dada wa kazi au kaka yake wa darasa la pili. Daktari akiuliza mara ya pili na ya tatu jinsi mtoto alivyoanguka, msijisikie vibaya. Namna ya kuanguka humwonyesha mfupa wa kuushuku. Ni kweli pia kwamba ana wajibu wa kuhakikisha mtoto hapigwi, na wajibu huo unawalinda watoto wetu wote.

Mkono ulioumia unataka maelezo marefu kidogo. Watoto wa miaka mitano hadi saba huvunjika sana juu kidogo ya kiwiko wanapoanguka na kujikinga kwa kiganja. Mahali hapo hapo hupita mshipa mkubwa wa damu wa mkono pamoja na mishipa ya fahamu. Nawasihi, msimpeleke mtoto kwa mtu wa kuchua kwanza. Mkono uliovunjika hapo ukikandwa na kuvutwa, ncha ya mfupa inaweza kuuumiza mshipa wa damu, na kiganja kikakosa damu. Utegemezeni mkono jinsi ulivyo kwa kanga iliyofungwa shingoni, bila kuunyoosha, na vidole viachwe wazi. Vikiwa vya baridi, vimepauka au mtoto hahisi ukivigusa, hiyo ni dharura ya usiku ule ule.

Picha ya kiwiko cha mtoto ni ngumu kuisoma, na mzazi akielewa sababu atakuwa mvumilivu zaidi. Sehemu kubwa ya ncha za mifupa ya mtoto bado ni gegedu, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Kiwiko kina vituo sita vinavyogeuka mfupa kimoja baada ya kingine, kuanzia karibu na umri wa mwaka mmoja hadi karibu miaka 11. Kabla havijaungana, hubaki mistari myeusi ambayo mtu asiyezoea ataiona kama nyufa, na ufa halisi unaweza kujificha humo. Madaktari wawili wa Toronto, Robert Salter na Robert Harris, walichapisha mwaka 1963 mpango wa kuyagawa majeraha ya sehemu hizi za ukuaji katika aina tano, nao unatumika mpaka leo, kwa sababu jeraha la hapo likipuuzwa mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda au ukabaki mfupi. Basi mkiambiwa "picha ni safi" na mtoto bado hautumii mkono au hakanyagii mguu, msiridhike na karatasi. Ombeni tarehe ya kurudi. Baada ya siku 10 hadi 14 mfupa mpya huanza kujijenga pembezoni mwa ufa, na kilichokuwa hakionekani huonekana. Daktari akiamua kumfunga mtoto hogo kwa tahadhari katika kipindi hicho, ametenda vyema.

Kifua ni habari nyingine. Mtoto anayekohoa na ana homa si lazima apigwe picha ili atibiwe nimonia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa chini ya miaka mitano unategemea kuhesabu pumzi. Mhesabu akiwa ametulia, kwa dakika nzima: pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi 11, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Akifikia hapo, au kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, mpeleke hospitali. Eksirei huwa na kazi hali ikiwa kali, dawa zisiposaidia, au kukiwa na shaka ya kifua kikuu. Mtoto mdogo humeza makohozi badala ya kuyatema, kwa hiyo kwake picha ya kifua ina uzito zaidi kuliko kwa mtu mzima. Kama nyumbani kuna anayetumia dawa za TB, semeni bila kuona haya. Taarifa hiyo moja hubadilisha jinsi daktari anavyoitazama picha.

Kichwa ndicho kinachowaogofya wazazi kuliko yote, na baadhi hudai skani ya CT kwa sauti ya juu. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa, ukaonyesha dalili zinazomtofautisha mtoto anayehitaji skani na yule wa kuangaliwa tu kwa saa kadhaa. Kwa aliye chini ya miaka miwili huangaliwa kama fahamu zimebadilika, alizimia sekunde tano au zaidi, ana uvimbe upande au nyuma ya kichwa, fuvu likipapaswa linaonekana kuvunjika, au ameanguka kutoka zaidi ya sentimita 90. Dalili nyingine katika orodha hiyo ni kauli ya mzazi kwamba mtoto hayuko kawaida yake. Mama akisema "huyu siye mwanangu ninayemjua," sayansi inamsikiliza. Kwa mkubwa zaidi huongezwa kutapika na maumivu makali ya kichwa.

Sababu ya kutokukimbilia skani ya CT ni mionzi. Eksirei moja ya kifua humpa mtoto kiasi kidogo mno, sawa na siku chache za mionzi ya asili inayotoka ardhini na angani. Skani ya kichwa hukaribia ya miezi mingi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba skani za utotoni huongeza kidogo hatari ya saratani ya damu na uvimbe wa ubongo. Hatari hiyo ni ndogo, na mtoto anayehitaji skani kweli asicheleweshwe hata saa moja kwa kuihofia. Ulizeni tu kama mashine imepangwa kwa kipimo cha mtoto.

Ultrasaundi haina mionzi, na kwa watoto inafanya mengi. Kichanga hutazamwa ubongo kupitia utosi ambao bado uko wazi. Aliyekaa tumboni kwa kutanguliza makalio apimwe nyonga akiwa na wiki sita hivi. Mtoto wa miezi mitano hadi tisa anayelia kwa vipindi, akikunja miguu tumboni na kutapika, huenda utumbo umeingia ndani ya utumbo, na ultrasaundi hulionyesha hilo vizuri; msingoje choo chenye damu, hiyo ni dalili ya kuchelewa.

Ila ipo ultrasaundi moja ambayo ningependa kila mzazi wa mtoto mwenye seli mundu aijue: Dopla ya mishipa ya ubongo. Hupima kasi ya damu kichwani kupitia kando ya fuvu, bila sindano. Hushauriwa kila mwaka kuanzia miaka miwili hadi 16. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kuwaongezea damu kwa utaratibu watoto wa namna hiyo kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90, na siku hizi haidroksiyurea nayo hutumika pale ambapo damu ni shida. Kama kliniki yenu haijawahi kukitaja kipimo hiki, kitajeni ninyi.

Aliyemeza kitu, chukueni kingine kinachofanana nacho mwende nacho. Betri ya duara ya rimoti au saa ikikwama kwenye koo la chakula huunguza ndani ya saa mbili, kwa hiyo picha ipigwe mara moja, kuanzia shingoni hadi tumboni. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja anayeweza kumeza apewe njiani vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika kumi, visizidi mara sita, bila kusimamisha safari. Karanga au plastiki iliyoingia njia ya hewa haionekani kwenye eksirei. Aliyepaliwa ghafla akiwa anatafuna karanga, kisha kikohozi kikagoma kwisha, anahitaji daktari wa koo hata kama picha ni safi.

Siku ya picha, mvueni hirizi, shanga za kiunoni, mkufu na vibanio vya nywele. Nywele zilizosukwa zifungwe juu, maana msuko ukilala begani hutoka kwenye picha ya kifua kama doa la pafu. Anayemshika mtoto avae aproni ya risasi, na mjamzito asimshike. Msishangae mtoto mwenyewe asipofunikwa tumbo: tangu mwaka 2019 wanafizikia wa tiba wa Marekani wameshauri desturi hiyo iachwe, kwa kuwa kifuniko huweza kuziba panapotakiwa kuonekana; la maana ni mwanga wa mashine kubanwa eneo linalohusika tu. Kwa MRI, ambayo mtoto mdogo mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa, kawaida chakula husimamishwa saa sita kabla, maziwa ya mama saa nne, maji saa mbili.

Mkitoka, daini filamu au CD pamoja na maelezo yaliyoandikwa. Filamu msizikunje wala msiziweke juani, na kwenye bahasha andikeni jina, tarehe na upande wa mwili. Picha iliyopigwa kwa simu ikatumwa kwa mjomba daktari hupoteza nyufa ndogo, kwa hiyo mpelekeeni yenyewe. Siku ya marudio nendeni na ya zamani, ili daktari azitazame zote mbili kwa pamoja.