Ghala Lililogeuzwa Nyumba: Kujipikia Pwani ya Norfolk

Mara ya kwanza kukodi nyumba ya kujipikia kaskazini mwa Norfolk, Uingereza, nilibeba kutoka London sufuria yangu ya pilau ya alumini, ile ya kulisha watu kumi. Nikaiteleka, nikabonyeza, jiko likalia kidogo na kuzima. Nikarudia, vilevile. Lilikuwa jiko la umeme la sumaku, na jiko hilo halipashi alumini. Linataka sufuria ambayo sumaku inanata kitakoni pake. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza bei au umbali wa bahari, namuuliza mwenye nyumba: jiko ni la aina gani, na sufuria yenu kubwa inachukua lita ngapi?

Nyumba zenyewe zilikuwa maghala ya shambani. Kuta ni za jiwe la gumegume, lile lililotoa cheche kwenye bunduki za zamani, na pembe zimefungwa kwa matofali mekundu. Ghala hujulikana kwa mlango: mrefu wa kupitisha mkokoteni uliojaa mavuno, na mara nyingi upo mwingine mkabala wake. Katikati ya milango hiyo ndipo nafaka ilipopurwa na kupepetwa, upepo ukiingia huku na kutokea kule na makapi. Kilimo cha mashine kilipokuja, maghala mengi yakakosa kazi, na baadhi wenyewe wakayagawa kuwa nyumba mbili, tatu au nne za kupangisha. Leo penye mlango mkubwa utakuta kioo toka chini hadi juu. Ukitaka kuona ghala lisilogawanywa, lipo Waxham, upande wa mashariki: ni la mwishoni mwa karne ya 16, lina paa la manyasi, na urefu wake unakaribia mita 55.

Paa refu linapendeza macho, lakini joto lote hupanda huko juu. Ukija kati ya Novemba na Machi uliza kama kuna jiko la kuni sebuleni na kama kuni zimo kwenye kodi. Vyumba vya kulala mara nyingi viko darini, ngazi zake zina mwinuko mkali na boriti ziko chini, kwa hiyo ukija na bibi au babu omba nyumba ya chini. Kuta nene huzuia mtandao wa simu. Hifadhi ramani na namba ya mwenye nyumba kabla hujafika, kwa sababu huenda asiwepo na funguo zikawa kwenye kisanduku cha namba za siri. Wengi hupangisha kwa wiki nzima wakati wa kiangazi, Ijumaa hadi Ijumaa au Jumamosi hadi Jumamosi. Kuingia ni kama saa kumi jioni, kutoka saa nne asubuhi. Nyingi hupokea wageni wenye mbwa. Kama kwenu hilo ni tatizo, liseme mapema, wala usione haya.

Mchele mzuri, unga wa chapati, iliki na nyama halali nunua kabla hujaondoka mjini. Nazi ya kopo utaipata madukani Fakenham au King's Lynn. Ukikaanga, fungua dirisha, maana king'ora cha moshi ni chepesi kulia na jirani yuko ukuta mmoja nawe. Mafuta yaliyobaki yasimwagwe kwenye sinki: nyumba nyingi za mashambani hutumia karo lao wenyewe, na likiziba mtakosa choo wote mlio humo. Mtu anayekula kaa asiondoke bila kuonja wa Cromer, ambaye huuzwa ameshapikwa, nyama imerudishwa kwenye gamba lake. Msimu wake ni majira ya kuchipua na kiangazi.

Kwa treni, King's Lynn ni karibu saa mbili kutoka kituo cha King's Cross, London. Upande wa pili reli hupitia Norwich hadi Cromer na Sheringham. Katikati hakuna reli; kuna basi namba 36 la kutoka King's Lynn kupitia Hunstanton hadi Wells-next-the-Sea, na jingine la kuunganisha Wells na Cromer. Mwenye gari aliyezoea barabara za Kenya au Tanzania hatapata shida, kwani huku nako huendesha kushoto, ila njia ni nyembamba. Mashua za kutazama sili hutoka Morston. Sili wa kijivu huzaa Blakeney Point kuanzia Novemba hadi Januari, na wakati huo kaa mbali nao, kwa sababu mama akishtuliwa anaweza kumtelekeza mtoto.

Jambo ninalowasisitizia zaidi wageni wangu ni maji. Mtu wa Tanga au Lamu anajua kupwa na kujaa, anajua bamvua, na ujuzi huo ndio unaoweza kumdanganya hapa. Kati ya Wells na Stiffkey bahari hairudi kwa mbele tu. Huingia kwanza kwenye vijito vya kinamasi vilivyo nyuma yako, na wewe bado umesimama kwenye mchanga mkavu ukitazama mawimbi ya mbali. Soma saa za maji za siku hiyo, na geuka mapema. Ufukweni Wells hupigwa king'ora maji yanapoanza kujaa; ukikisikia, wakusanye watoto na uvuke upande wa nchi kavu papo hapo. Ukizingirwa, piga 999 uombe walinzi wa pwani.

Jioni nenda Hunstanton. Mji huo uko pwani ya mashariki ya Uingereza lakini unatazama magharibi, kwa hiyo jua huzama baharini, mbele ya majabali yenye tabaka nyekundu na nyeupe. Mwezi wa Juni hilo hutokea saa tatu na nusu hivi usiku, kwa hiyo pikeni wali kabla hamjatoka.